Kufungua faili kutoka mstari wa amri: VS Code, Sublime Text, Kate, Notepad++ au kihariri kingine?

Anayefanya kazi kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hufika mara kwa mara mahali ambapo mistari michache inayoonyeshwa na `cat` au `less` haimtoshi. Anataka kuiona faili yote, kuipitia juu na chini, kutafuta na kubadilisha maneno, kisha kuihifadhi na kurudi kwenye amri zake. Anaweza kubaki humohumo ndani ya terminali kwa kutumia nano au Vim, au anaweza kuiita kwa amri moja programu yenye dirisha lake yenyewe, bila kuondoa mikono kwenye kibodi wala kupekua folda moja baada ya nyingine. Ulinganisho huu unahusu njia hiyo ya pili, na unaviweka mezani vihariri, yaani programu za kuhariri maandishi, ambavyo watu wengi tayari wanavyo: VS Code na Sublime Text zinazopatikana kwenye mifumo yote mitatu mikubwa, Kate na gedit za Linux, Notepad++ ya Windows, BBEdit ya Mac, pamoja na gVim, yaani Vim yenye dirisha lake.

Sitalinganisha rangi, mandhari wala wingi wa nyongeza, kwa sababu hayo yameandikwa sana na kila mtu ana ladha yake. Ninalinganisha amri yenyewe: inapatikanaje, inaelewa nini, na inatendaje baada ya kubonyeza Enter. Kwa maoni yangu swali linalotenganisha vihariri hivi kuliko mengine yote ni kama amri yake inaweza kusubiri mpaka umalize kuhariri, na ndiyo maana sehemu inayohusu kusubiri ni ndefu kuliko nyingine.

Je, amri ipo?

Kusakinisha kihariri si sawa na kuwa na amri yake. Terminali huitafuta amri kwenye folda zilizoorodheshwa katika kigeu cha mazingira kiitwacho PATH, na kama programu haimo humo utajibiwa kwamba amri haijulikani, hata kama aikoni yake iko mbele ya macho yako kwenye eneokazi.

VS Code, ambayo Microsoft iliitangaza Aprili 2015 na kutoa toleo la 1.0 Aprili 2016, imelishughulikia suala hili vizuri kuliko nyingi. Kisakinishi chake cha Windows huiongeza amri `code` kwenye PATH bila wewe kufanya lolote, ila terminali iliyokuwa wazi wakati wa kusakinisha haitaitambua mpaka uifunge na kuifungua upya. Kwenye Linux, kifurushi cha deb au cha rpm huiweka amri mahali pake moja kwa moja. Kwenye Mac, kuiburuta programu hadi kwenye folda ya Applications hakukupi amri. Inabidi uifungue VS Code, ubonyeze Cmd+Shift+P, uandike `shell command`, kisha uchague mstari unaosema `Install 'code' command in PATH`.

Sublime Text inadai kazi kidogo zaidi. Kwenye Linux amri `subl` huja pamoja na kifurushi, lakini kwenye Windows unaiongeza mwenyewe folda ya `C:\Program Files\Sublime Text` kwenye PATH, na kwenye Mac amri hiyo imewekwa ndani kabisa ya programu, kwa hiyo unaandika mstari ufuatao katika faili ya `~/.zprofile`:

`export PATH="/Applications/Sublime Text.app/Contents/SharedSupport/bin:$PATH"`

Usiziache alama za nukuu, kwa kuwa jina la programu hii lina nafasi katikati na bila nukuu njia hiyo itakatika vipande viwili. BBEdit, kwa upande wake, ina kipengele katika menyu yake cha kusakinisha zana za mstari wa amri, na ukikitumia mara moja unapata `bbedit`, `bbdiff` na `bbfind` kwa pamoja. Kate, gedit na gVim kwenye Linux hazina la ziada: ukisakinisha kifurushi, amri imekuja nacho.

Notepad++ iko tofauti. Kisakinishi chake hakiigusi PATH, lakini huliandikisha jina la programu kwenye rejista ya Windows, na hilo linatosha kuifanya amri ya `start notepad++ barua.txt` ifanye kazi. Kuandika `notepad++ barua.txt` bila `start` hakutafanya kazi mpaka uiongeze folda yake kwenye PATH.

Kuna pia amri za jumla ambazo huja na mfumo wenyewe. Kwenye Mac, `open -t barua.txt` hufungua faili kwa kihariri ulichokiteua kuwa cha kawaida, na `open -a "Sublime Text" barua.txt` hutaja programu kwa jina. Kwenye Linux ipo `xdg-open`, lakini sipendekezi kuitegemea kwa kazi ya kuhariri, kwa sababu huchagua programu kulingana na aina ya faili: ukiipa `ripoti.html` itakufungulia kivinjari, na ukiipa faili ya CSV huenda ikakufungulia programu ya majedwali. Ni amri nzuri ya kusomea faili, si ya kuzihariria.

Amri inayosubiri na amri isiyosubiri

Unapoita kihariri chenye dirisha kutoka terminali, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Ama amri huikabidhi faili kwa programu na kurudi papo hapo, hivyo unaendelea na amri nyingine huku dirisha likiwa wazi pembeni. Ama amri hubaki imesimama mpaka uifunge faili. Kwa kazi za kila siku, ile ya kwanza ndiyo inayofaa, na ndivyo `code`, `subl` na `bbedit` zinavyotenda zisipopewa maelekezo mengine. Programu ya gedit, kama haina dirisha lililo wazi tayari, huishikilia terminali na wakati mwingine kumwaga maonyo yake humo, jambo linalowafanya watumiaji wake wazoee kuandika alama ya `&` mwishoni mwa amri. Kufanya hivyo kunasaidia, ila dirisha hilo bado limefungamana na terminali iliyolianzisha na linaweza kufungwa pamoja nayo.

Tatizo hujitokeza pale ambapo anayekiita kihariri si wewe bali programu nyingine. Mfano ulio karibu na wengi ni Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili. Ukiandika `git commit`, amri ya kuyaweka mabadiliko kwenye historia hiyo, bila kuandika ujumbe wa kuyaeleza, Git hutengeneza faili iitwayo `COMMIT_EDITMSG` ndani ya folda ya `.git`, hukiita kihariri chako, husubiri kihariri kimalize, kisha huisoma faili hiyo ili kupata ujumbe. Sasa fikiria umeiambia Git kwamba kihariri chako ni `code` bila kuongeza lolote. Amri ya `code` itafungua dirisha na kurudi papo hapo. Git itaona kwamba kihariri kimekwisha, itaisoma faili, itakuta haina ujumbe, na kwenye terminali utaona maneno haya kabla hata hujagusa kibodi:

`Aborting commit due to empty commit message.`

Dirisha bado liko wazi mbele yako, faili inaonekana, unaandika ujumbe mzuri na kuuhifadhi, na hakuna kinachotokea, kwa sababu Git ilishaondoka zamani. Watu wengi wanaokutana na hali hii hudhani Git imeharibika, ilhali kilichokosekana ni neno moja tu:

`git config --global core.editor "code --wait"`

Baada ya hapo Git itakuambia kwenye terminali kwamba inasubiri uifunge faili, na ukikifunga kichupo cha faili hiyo, hata kama dirisha lenyewe na vichupo vingine vinabaki wazi, kazi itaendelea. Hapo ndipo ubora wa utaratibu wa VS Code unapoonekana: inasubiri faili, haisubiri programu nzima. Sublime Text hutenda vivyo hivyo kwa `subl -w`, na BBEdit kwa `bbedit -w`. Kwa gedit chaguo ni `-w` pia, na kwa Kate ni `-b`. Programu ya gVim hujitenga na terminali yenyewe inapoanza, kwa hiyo unaizuia isijitenge kwa `gvim -f`. Amri ya `open` ya Mac inayo `-W`, lakini hiyo husubiri programu nzima izimwe, na kwa hiyo haifai kwa Git: ukiwa na faili nyingine kumi wazi katika kihariri hichohicho, utalazimika kuzifunga zote ili ujumbe mmoja upite.

Notepad++ haina chaguo la kusubiri. Kinachofanyika ni kuilazimisha ianze upya kama programu inayojitegemea, isiyojiunga na dirisha lililo wazi, ili Git isubiri mpaka dirisha hilo jipya lifungwe:

`git config --global core.editor "'C:/Program Files/Notepad++/notepad++.exe' -multiInst -notabbar -nosession -noPlugin"`

Inafanya kazi, na kisakinishi cha Git kwa Windows kinaweza kukupangia hilo chenyewe ukichagua Notepad++ pale kinapouliza kihariri chako. Hata hivyo ni njia ya kuzunguka, na kila ujumbe utakuja na dirisha lake.

Kwa watumiaji wa Linux na Mac, suala la kusubiri lina uzito mkubwa zaidi pale linapohusu faili za mfumo. Faili kama `/etc/hosts` haiwezi kuhifadhiwa na mtumiaji wa kawaida, na wengi hukimbilia kuandika `sudo code /etc/hosts`. Kwenye Linux, VS Code itakataa kuanza ikiitwa na mtumiaji mkuu namna hiyo, na itakueleza kwamba ukisisitiza inabidi uongeze `--no-sandbox` na kuipa folda nyingine ya data. Inakataa kwa sababu nzuri, kwani kihariri chenye nyongeza nyingi kutoka kwa watu mbalimbali hakipaswi kupewa mamlaka yote ya kompyuta. Njia iliyo salama ni `sudoedit`, ambayo huinakili faili hiyo mahali pa muda kwa jina lako, hukufungulia nakala katika kihariri chako ukiwa mtumiaji wa kawaida, na baada ya kihariri kumaliza huirudisha nakala mahali pa faili halisi iwapo imebadilika:

`SUDO_EDITOR="subl -w" sudoedit /etc/hosts`

Ukisahau `-w` hapo, `sudoedit` itadhani umemaliza, itaona nakala haijabadilika, itakutangazia kwamba faili haikubadilishwa, na itaifuta nakala hiyo huku wewe ndio kwanza unaanza kuihariri. Hali ni ileile kwa `crontab -e`, amri ya kuhariri ratiba ya kazi za kompyuta. Kwa hiyo mtu anayesimamia kompyuta au seva asichague kihariri kabla ya kuhakikisha kinaweza kusubiri, kisha aandike uchaguzi wake mara moja katika faili ya mipangilio ya terminali, kwa mfano `export VISUAL="code --wait"` na `export EDITOR="$VISUAL"`, ili kila programu inayohitaji kihariri ikute maelekezo kamili.

Unaweza kukipima kihariri chako kwa mstari mmoja: `code --wait jaribio.txt; echo "imefungwa"`. Neno hilo likitokea kabla hujaifunga faili, usikipe kihariri hicho kazi ya Git.

Kutua kwenye mstari unaohitajika

Zana nyingi za terminali hutaja kosa kwa jina la faili, nukta mbili, na namba ya mstari. Ukitafuta neno kwa `grep -n jumla *.py`, utapata jibu la namna ya `usajili.py:212: jumla = 0`. Kwa mtumiaji wa Sublime Text kazi inakuwa rahisi kabisa: ananakili `usajili.py:212` kama ilivyo, anaandika `subl` mbele yake, na kishale kinatua kwenye mstari wa 212. VS Code huelewa maandishi hayohayo, ila kwa sharti kwamba uongeze `-g`. Ukiisahau, itadhani unataka faili mpya ambayo jina lake ni `usajili.py:212`, nawe utajikuta unatazama ukurasa mtupu. Hiyo ni kasoro ndogo inayochosha kwa sababu hurudi kila siku, na hapa Sublime Text inaishinda VS Code waziwazi.

Vihariri vingine hutaka namba itajwe kando:

| Kihariri | Mstari wa 212 | Kusubiri | Dirisha jipya |
|---|---|---|---|
| VS Code | `code -g usajili.py:212` | `-w` | `-n` |
| Sublime Text | `subl usajili.py:212` | `-w` | `-n` |
| BBEdit | `bbedit +212 usajili.py` | `-w` | `--new-window` |
| gedit | `gedit +212 usajili.py` | `-w` | `--new-window` |
| Kate | `kate -l 212 usajili.py` | `-b` | `-n` |
| gVim | `gvim +212 usajili.py` | `-f` | kila amri hufungua lake |
| Notepad++ | `notepad++ -n212 usajili.py` | hakuna | `-multiInst` |

Angalia kwamba `-n` ya VS Code ni dirisha jipya, ilhali `-n` ya Notepad++ ni namba ya mstari. Anayetumia zote mbili, moja kazini na nyingine nyumbani, atazichanganya, na ni heri ajitengenezee jina fupi la amri katika terminali yake kuliko kujaribu kukariri.

Kama kazi yako ni kulinganisha faili mbili, VS Code inakuwa mbele tena: `code -d zamani.conf mpya.conf` huziweka faili ubavu kwa ubavu na kupaka rangi palipotofautiana. Vilevile `gvim -d` na `bbdiff` hufanya hivyo. Notepad++ huhitaji nyongeza kwa kazi hii.

Majina ya faili, faili zisizokuwepo, na matokeo ya amri nyingine

Jina lenye nafasi linajulikana kwa usumbufu wake: `code ripoti ya mwezi.txt` huomba faili tatu, yaani `ripoti`, `ya` na `mwezi.txt`, na dawa ni kuliweka jina zima ndani ya alama za nukuu. Lakini sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego mwingine ambao miongozo mingi haiutaji. Jaribu kuandika `subl orodha-ya-ng'ombe.txt` katika bash au zsh, programu zinazosoma amri ndani ya terminali. Alama ile ya ng' huchukuliwa na terminali kuwa mwanzo wa nukuu, kwa hiyo ukibonyeza Enter hakuna kinachofunguka. Mstari mpya unatokea ukiwa na alama ya `>` peke yake, au neno `quote>` kwenye zsh, ukingoja uifunge nukuu ambayo hukukusudia kuifungua. Bonyeza Ctrl+C utoke, kisha uandike `subl "orodha-ya-ng'ombe.txt"` kwa nukuu mbili. Kosa hili si la kihariri chochote, na kubadili kihariri hakutaliondoa. Ukiacha terminali ikukamilishie jina kwa kitufe cha Tab, yenyewe itaweka alama inayofaa, na huo ndio mwenendo ninaoushauri kwa majina yote.

Ukitaja faili ambayo haipo, VS Code, Sublime Text, gedit, Kate na gVim hukufungulia ukurasa mtupu wenye jina hilo, na faili huzaliwa pale unapohifadhi. Notepad++ hukuuliza kwanza kama uiunde. Amri za `open` na `xdg-open` hukataa tu, kwa hiyo ungelazimika kuiunda kwa `touch` kabla ya kuifungua.

Wakati mwingine kinachohitaji kusomwa si faili bali matokeo marefu ya amri nyingine. Hapo kistari kimoja hutosha: `ps aux | code -` huyaweka matokeo yote katika kichupo kipya, na `subl -`, `gedit -` na `gvim -` hufanya vivyo hivyo, huku Kate ikitaka `kate -i`. BBEdit haihitaji hata kistari hicho. Ni njia nzuri ya kuchunguza kumbukumbu za mfumo, kwa kuwa unapata utafutaji wa kihariri bila kuunda faili ya muda ambayo baadaye utasahau kuifuta.

Faili iliyo kwenye seva

Yote yaliyotangulia yanachukulia kwamba faili iko kwenye kompyuta iliyo mbele yako. Ukiwa umeingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuitumia kompyuta ya mbali kupitia terminali, amri ya `subl` haitafanya lolote la maana, kwa kuwa seva haina dirisha la kufungua.

VS Code ina jibu lenye nguvu kupitia nyongeza yake iitwayo Remote - SSH. Ukiunganika nayo, terminali iliyo ndani ya VS Code inakuwa ya seva, na `code mipangilio.yml` ukiiandika humo huifungua faili ya seva katika dirisha la kompyuta yako. Hali ni hiyohiyo kwa wanaotumia Linux ndani ya Windows kwa WSL: `code .` ukiiandika upande wa Linux hufungua dirisha upande wa Windows. Gharama yake ni kwamba mara ya kwanza VS Code hupakua na kuendesha programu yake nyingine kwenye seva, ambayo hutumia kumbukumbu (RAM) na nafasi ya huko, na tangu toleo la 1.99 la mwaka 2025 programu hiyo hutaka glibc, maktaba ya msingi ya Linux, toleo la 2.28 au zaidi. Seva ya zamani kama ile ya CentOS 7 haikidhi sharti hilo.

Sublime Text hufika kwenye seva kwa njia nyepesi iliyoanzia kwenye TextMate, kihariri cha Mac: unaweka hati ndogo iitwayo `rmate` kwenye seva, nyongeza iitwayo RemoteSubl kwenye kihariri, kisha unaingia kwa `ssh -R 52698:localhost:52698` ikifuatiwa na anwani ya seva. Ukiandika `rmate mipangilio.yml`, faili husafiri kupitia muunganisho huohuo wa SSH na kurudi kila unapohifadhi. Haikupi mti wa folda wala uchambuzi wa msimbo, lakini kwenye muunganisho wa polepole na seva yenye kumbukumbu ndogo, mimi naiona inafaa zaidi. Tahadhari ni moja: kwenye seva inayotumiwa na watu wengi, mlango huo wa 52698 unaweza kufikiwa na watumiaji wengine wa seva hiyo, kwa hiyo itumie pale tu unapowaamini walio nawe.

Uchague kipi?

Anayeandika programu siku nzima, anayetumia Git na seva, na ambaye kompyuta yake ina kumbukumbu ya kutosha, achukue VS Code. Amri yake ndiyo kamili kuliko zote hapa: inasubiri, inalinganisha, inapokea matokeo ya amri nyingine, inafika kwenye seva, na haina malipo. Asiyependa nakala ya Microsoft itume taarifa za matumizi yake anaweza kuchukua VSCodium, ambayo hujengwa kutokana na msimbo uleule na ambayo amri yake ni `codium` yenye machaguo yaleyale.

VS Code imejengwa juu ya Electron, yaani inabeba injini nzima ya kivinjari ndani yake, na kwenye kompyuta ndogo hilo huhisiwa kila unapotaka tu kurekebisha mstari mmoja. Mwenye kompyuta ya namna hiyo, au anayefungua na kufunga faili moja moja mara nyingi kwa siku, atafurahia zaidi Sublime Text. Ni programu ya kulipia, na leseni ya mtu binafsi ni dola 99 za Marekani, ingawa muda wa kuijaribu haujawekewa kikomo na kinachokukumbusha ni dirisha dogo la mara kwa mara. Anayepata riziki kwa kuitumia nadhani anapaswa kuilipia.

Kwenye Linux ambako hutaki kulipa wala kubeba mzigo wa Electron, chagua Kate, hata kama hutumii eneokazi la KDE. Kwa gedit kuna jambo la kuzingatia: tangu GNOME 42 (eneokazi jingine la Linux) ya Machi 2022, mradi wa GNOME umekiweka mbele kihariri kipya ambacho amri yake ni `gnome-text-editor`, kwa hiyo kwenye mifumo mipya huenda usiikute gedit mpaka uisakinishe, na maelekezo ya zamani yanayoitaja yatakukwamisha. Kihariri hicho kipya ukikihitaji kwa Git, kiite kwa `--standalone` ili kiwe programu inayojitegemea.

Kwa Mac, BBEdit imekuwapo tangu miaka ya 1990 na zana zake za mstari wa amri zimepangwa kwa uangalifu. Kwa anayeshughulika na maandishi mengi kuliko msimbo ningeipendekeza kabla ya nyingine zote. Kwa gVim, jibu ni fupi: ichague kama tayari unaijua Vim, na usiianze kwa ajili ya dirisha lake tu. Hata hivyo msomaji wa Afrika Mashariki asiipite bila kuandika `:help uganda` angalau mara moja. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na kufariki Agosti 2023, alifanya kazi mwaka 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, na badala ya kuitoza Vim bei aliwaomba watumiaji wake wakisaidie kituo hicho.

Notepad++, iliyotolewa na Don Ho mwaka 2003, inabaki kuwa chaguo zuri kwa mtumiaji wa Windows anayefungua kumbukumbu za mfumo, faili za mipangilio na maandishi ya kawaida, kwa kuwa ni nyepesi, ni bure, na huanza upesi. Akianza kutumia Git kila siku, asiiache. Aendelee kuitumia kuhariri faili zake, na Git aipe kihariri kingine kinachojua kusubiri, kwa sababu hakuna kanuni inayosema kwamba `core.editor` lazima iwe ileile programu unayoifungua kwa mkono wako.